Moto wa Msituni: Kabla ya Ndege, Tupange Kwanza

Wadau, kila moto ukiwaka mlimani tunauliza lile lile: "Serikali inangoja nini kuleta ndege?" Swali zuri. Lakini mimi mtoto wa Ugweno naona tukikimbilia kununua ndege bila mpango, tutakuwa tunaezeka kabla ya kujenga.

Kumbukeni Kilimanjaro. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Mamia ya watu walipanda kwa miguu kwenda kuuzima, ukawaka siku kadhaa. TANAPA baadaye ilisema umeunguza kilomita za mraba 95.5. Oktoba 2022 ukawaka tena, upande wa Karanga.

Sasa ndege inafanya nini hasa? Wengi tunadhani inamwaga maji, moto unakufa, basi. Ukweli ni kwamba maji yale yanapunguza makali tu, ili walioko chini wasogee wakate njia ya moto, yaani kufyeka mpaka ubaki udongo mtupu. Bila watu chini, maji yakikauka moto unaamka tena.

Na ndege zenyewe hazifanani:

1. Helikopta yenye ndoo ya kuning'inia. Inachota hata kwenye bwawa dogo, ila inabeba kidogo.
2. Ndege ndogo kama Air Tractor AT-802. Inabeba lita kama 3,000, lakini lazima irudi uwanjani kujaza.
3. Canadair CL-415. Inachota lita kama 6,000 kwa sekunde 12 hivi ikipita juu ya maji, ila inataka ziwa refu lililo wazi.

Halafu kuna urefu wa mlima. Horombo iko mita 3,720, hewa ni nyepesi, helikopta inapungukiwa nguvu na kubeba maji machache. Moshi na upepo navyo vinaweza kuizuia kabisa.

Turudi kwetu. Msitu wa Kindoroko unatunza chemchemi zetu. Ukiungua, migomba na kahawa vitafuata, na akina mama watatembea mbali zaidi na ndoo. Ndege ingechota wapi? Ziwa Jipe lipo chini yetu, lakini sehemu kubwa imejaa mafunjo, na tunalichangia na Kenya. Nyumba ya Mungu ipo upande wa pili wa milima, na kila dakika ya safari ni dakika ya moto kupanda. Ndiva zetu ni ndogo, na maji yake ni ya kumwagilia mashamba. Kumbe jibu linaweza kuwa matenki ya kukunja, yanayojazwa kwa pampu kandokando ya barabara. Hayo hayapangwi siku ya moto!

Kwa hiyo mkakati wa taifa, kwa maoni yangu, uanze hivi:

- Amri iwe moja. Hifadhi za taifa ni za TANAPA, misitu ya hifadhi ya serikali kuu ni ya TFS, halafu kuna Zimamoto, halmashauri na vijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 ipo, itumike kusema nani anaita ndege.
- Tukodi kwanza, mkataba usainiwe kabla ya kiangazi. Tuchangie na Kenya na Uganda. Umoja wa Ulaya ulianzisha rescEU mwaka 2019, nchi zikasaidiana ndege. Sisi tunashindwaje?
- Ramani ya maji na viwanja kwa kila mlima.
- Vijana wa vijijini wafundishwe, wapewe buti, mapanga na redio. Bajeti ya ndege isile ya hawa.

Ndege ni msaada mkubwa, sipingi. Ila ikija haina pa kuchota wala wa kuipokea chini, tutaishia kuipiga picha tu.

Wadau wa Same, Mwanga, Moshi na kwingineko: kijijini kwenu moto ukiwaka leo, nani anapigiwa simu wa kwanza? Mwageni hapo chini. Nawakilisha.