Mpira wa Kulishia Ukichomoka, Usingoje Kesho

Mtu asiyeweza kumeza huishiwa nguvu. Huenda ana saratani ya njia ya chakula. Huenda amepata kiharusi. Hospitalini, daktari anaweza kutoboa tundu dogo tumboni na kupitisha mpira mpaka kwenye mfuko wa chakula. Uji, maziwa na maji hupita humo.

Mgonjwa akirudi nyumbani Ipole, kazi ya kumlisha ni yetu sisi jamaa. Basi tujue hatari hizi nne.

1. Mpira kuchomoka. Hii isitiwe mzaha. Tundu huanza kuziba baada ya saa chache. Lifunike kwa kitambaa safi. Chukua na ule mpira. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, Sikonge au Kitete mjini Tabora, hata kama ni usiku. Usiurudishe mwenyewe. Kidonda kikiwa bado kibichi, mpira unaweza kupotea njia. Uji ukimwagika nje ya mfuko wa chakula, mgonjwa anaweza kufa.

2. Mpira kuziba. Chuja uji vizuri. Kabla na baada ya kulisha, pitisha maji yaliyochemshwa yakapoa. Muulize muuguzi vidonge vipi vinaweza kusagwa. Mpira ukiziba, tia maji ya vuguvugu polepole kwa bomba la sindano. Usichokoe kwa waya wala spoku ya baiskeli. Ukikataa kuzibuka, nendeni hospitali.

3. Chakula kuingia mapafuni. Mlishe mgonjwa akiwa ameketi, wala si amelala chali. Akimaliza, aendelee kuketi kwa saa moja. Akianza kukohoa, acha kulisha.

4. Kidonda kuoza. Nawa mikono. Kila siku osha ngozi kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, kisha ikaushe. Ipole tuna asali nyingi, lakini hapa usipake asali, majivu wala dawa ya miti. Ukiona usaha au uvimbe, nenda zahanati.

Tumbo likiuma sana au kuvimba, au mgonjwa akipata homa, akitapika au akitoka damu, acha kumlisha. Mwahisheni hospitali.

Kabla ya kuondoka hospitalini, mwombe muuguzi akuonyeshe kazi hii, nawe uifanye mbele yake. Andika namba yake ya simu, uibandike ukutani.

Ndugu msomaji, wasomee haya na wenzako nyumbani. Mpira unaweza kuchomoka siku ambayo wewe uko shambani.