Masijala Ndani ya Mashine

Wanangu wa Songea, muulizeni yeyote aliyefanya kazi masijala enzi za mafaili ya karatasi. Kuandika hakukuwa shida. Shida ilikuwa kutafuta. Tuseme chama cha ushirika kina wakulima 2,000 wa mahindi, kila mmoja na kadi yake, zimepangwa kwa majina. Meneja anataka kujua wakulima gani wa Namtumbo bado wanadaiwa mbolea. Hapo majina hayamsaidii karani. Atafungua kadi zote, moja baada ya nyingine, na kesho akiulizwa jambo jingine ataanza upya.

Sikieni basi dawa ilikotoka, maana ilianzia kwenye mchezo. Wayne Ratliff alikuwa mhandisi huko California, katika mradi wa Viking uliotua Mars mwaka 1976. Ofisini walikuwa wakishindana kubashiri timu zitakazoshinda katika mpira wa Kimarekani. Ratliff akawa anapekua matokeo ya nyuma magazetini kwa mkono, mpaka akachoka. Akanunua kompyuta ndogo ya IMSAI ikiwa vipande vipande, akaiunganisha mwenyewe, na mwaka 1978 akaanza kuiandikia programu ya kutunza na kupekua taarifa. Mpira akausahau kabisa! Programu akaiita Vulcan. George Tate na Hal Lashlee walipoichukua waiuze, wakaipa jina la dBASE II, ingawa hapakuwahi kuwapo dBASE ya kwanza.

Ukiifungua, kioo kilikuonyesha nukta moja tu. Mbele ya nukta hiyo unaandika amri: orodhesha wa Namtumbo, wenye deni. Mashine inapekua yenyewe, na kesho ukibadilisha swali haikasiriki. Faili moja liliweza kubeba kadi 65,535. Hiyo ndiyo kanzidata, na kwangu mimi ni uvumbuzi mkubwa kuliko michezo yote mnayocheza kwenye simu.

Barua nazo zilipata programu yake, WordStar, iliyotoka mwaka 1979. Mwandishi wake ni Rob Barnaby. Kwenye taipureta, ukikosea mstari wa kwanza unachapa ukurasa upya. Hapa unarekebisha kwenye kioo kwanza, ndipo unachapisha. Kompyuta nyingi za wakati huo hazikuwa na vitufe vya mishale. Tazameni kibodi: E iko juu, X chini, S kushoto, D kulia. Ulishikilia kitufe cha Ctrl, ukabonyeza mojawapo, na alama ya kuandikia ikasogea upande huo.

Sisi Tanzania wakati huo mlango ulikuwa umefungwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya Wizara ya Fedha kupata hasara kwa mashine kubwa ya mahesabu. Aliyehitaji kompyuta aliomba kibali maalumu. Miaka ya 1980 mlango ulianza kulegea, lakini programu zilizoingia hazikuwa na amri hata moja ya Kiswahili. Karani alijifunza mashine na lugha kwa pamoja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi isiyouzwa. Wataalamu walilazimika kukubaliana istilahi kwanza, neno kwa neno. Miaka 25 baada ya WordStar, mtu akaweza kufungua ukurasa, kuandika barua na kuihifadhi, menyu zikimwelekeza kwa Kiswahili.