Utangulizi: Kuuliza Chakula Chenyewe

Maziwa ya asubuhi yanapofika kituoni, hapa Kapkatet kama kwingineko Kericho na Bomet, mpokeaji huchota kidogo, akayachanganya na alkoholi kiasi sawa, akatikisa. Yakikatika, mtungi unarudi nyumbani. Bakteria wamekwisha kugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na protini zilizodhoofishwa na asidi hiyo hazistahimili alkoholi. Mpokeaji hakuonja wala hakunusa. Aliuliza maziwa, yakamjibu.

Elimu ya vihisi vya kemikali ni sanaa ya kuuliza namna hiyo. Kihisi ni kitu kinachobadilika kikikutana na kemikali fulani, na badiliko lake likasomeka. Samaki anayeharibika hutoa trimethilamini. Nyama inayooza hutoa amonia.

Vihisi vingine husomwa kwa rangi. Chai ya zambarau, TRFK 306, ambayo watafiti wa Kericho waliwapa wakulima mwaka 2011, ina anthosayanini, rangi inayoelekea wekundu penye asidi na ubuluu asidi inapopungua. Kamulia limau kikombeni ujionee. Karatasi iliyotiwa rangi ya aina hiyo, ikiwekwa ndani ya pakiti ya samaki, hubadilika mvuke wa samaki anayeharibika unapoigusa.

Vingine husomwa kwa umeme. Mwaka 1982, Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walionyesha kwamba vihisi vichache vya namna hiyo vikisomwa pamoja hutofautisha harufu nyingi, mithili ya pua.

Faida ya vihisi hivi iko jikoni. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, ilikadiria kuwa tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022, asilimia 60 kutoka majumbani. Tarehe ya pakiti hukisia tu. Haijui kama maziwa yalikaa juani au kwenye friji.

Lakini tahadhari. Kihisi cha asidi kikitiwa katika kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchachusha ya Wakalenjin, kitatangaza hatari, ilhali mama aliyepaka kibuyu mkaa wa mti wa senetwet alikusudia uchachu huohuo. Kihisi hupima kemikali. Hakijui kuoza ni nini. Aflatoksini, sumu ya kuvu katika mahindi, nayo haina harufu, hivyo huhitaji kipimo chake maalumu.

Basi, msomaji, kabla ya kuuliza kifaa gani kinunuliwe, jiulize: chakula hiki kikiharibika, hutoa nini?