Mzigo wa Mnyama na Amri ya Kuuzuia

Hapa Nungwi, kaskazini kabisa ya Unguja, magari ya ng'ombe na ya punda huchukua mchanga, mawe na kuni. Mwenye gari hupata riziki yake ya halali, na nyumba nyingi zimesimama kwa jasho la mnyama asiyesema. Lakini mzigo ukimzidi, ni nani mwenye haki ya kuuzuia? Wako wasemao: "Punda wangu, mali yangu." Twasema, sivyo.

Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala tangu mwaka 717 hata 720, alipata habari kwamba huko Misri ngamia mmoja hupakiwa ratili 1000. Alimwandikia liwali wake kuwa asipakiwe zaidi ya ratili 600. Tazameni, wasomaji wetu: hakutosheka na mawaidha, bali aliweka kipimo, na kukisimamia akamwachia mtawala wa pale pale. Naye Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliandika kwamba muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko na njia, ana amri ya kumkataza mtu kumtumikisha mnyama kazi asiyoweza kuidumu. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe na wanyama wa kazi mwaka 1822.

Na sisi je? Sheria ya Serikali za Mitaa ya Zanzibar ya mwaka 2014 imeyapa mabaraza uwezo wa kutunga sheria ndogo ndogo. Basi katika Wilaya yetu ya Kaskazini A yafaa kipimo cha mzigo kijulikane, na saa za kupumzika jua linapokuwa kali, na mnyama mwenye kidonda asifungwe garini. Sheha, aliye karibu na watu, awe jicho la baraza.

Lakini lawama yote isimwangukie mwendesha gari. Mwenye kuagiza mchanga, atakaye safari mbili kwa ujira wa moja, ndiye aongezaye mzigo.

Mafundi wetu wa majahazi wajua: chombo kikizidiwa, maji huingia, na nahodha huiogopea roho yake. Punda akizidiwa, aumiaye ni yeye peke yake. Ndiyo sababu hana budi kuwa na mtetezi mwenye amri.

Nanyi vijana mshikao fimbo, kumbukeni kuwa mnyama ni amana. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.