JE, MRABA NI MSTATILI?
Maumbo ya Jiometri Katika Programu za Kompyuta

Kila mwanafunzi aliyesoma jiometri anajua kwamba mraba ni mstatili ambao pande zake zote ni sawa. Kauli hiyo ni kweli ubaoni. Lakini mwanafunzi huyo akiihamishia katika programu ya kompyuta bila kuipima, huenda akapata majibu ya makosa, na kompyuta isimwonye hata kidogo. Makala haya yanaeleza chanzo cha kosa hilo na namna ya kuliepuka.

Klasi na kitu

Programu nyingi za zamani ziliandikwa kama mfululizo wa maagizo: tarakimu ziliwekwa mahali pamoja, na kanuni za kuzikokotoa mahali pengine. Kwa programu fupi utaratibu huo unatosha. Programu ikiwa ndefu, ni rahisi tarakimu 30 na 20 kuchukuliwa kuwa urefu na upana wa mstatili, kumbe ni kitako na kimo cha pembetatu. Njia ya klasi hupunguza hatari hiyo kwa kufunga pamoja sifa za umbo na vitendo vyake:

KLASI Mstatili
   sifa: urefu, upana
   eneo = urefu × upana
   mzingo = 2 × (urefu + upana)

Klasi ni maelezo ya jumla. Kitu ni umbo moja mahususi lililotengenezwa kwa kufuata maelezo hayo. Uhusiano wao ni kama ule wa ramani ya nyumba na nyumba zenyewe: ramani ni moja, lakini nyumba zinazojengwa kwayo zaweza kuwa nyingi.

Njia hii ilianzia Norwe. Mwaka 1967, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliokuwa wakifanya kazi Oslo, walibuni lugha ya Simula 67, ambayo kwayo dhana ya klasi iliingia katika uandishi wa programu. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Lugha zilizofuata, zikiwamo Smalltalk, C++, Java na Python, zilirithi dhana hiyo.

Faida ya kurithi

Klasi moja yaweza kurithi sifa na vitendo vya nyingine. Mathalani, huanzishwa klasi mama iitwayo Umbo, inayodai jambo moja tu: kila umbo liweze kutaja eneo lake. Mstatili, Duara na Pembetatu huwa klasi wana, kila moja ikiwa na kanuni yake. Tuchukue mstatili wa meta 30 kwa 20, duara lenye nusukipenyo cha meta 7, na pembetatu yenye kitako cha meta 10 na kimo cha meta 6. Maeneo yake ni meta za mraba 600, 153.94 na 30. Programu hupata jumla ya 783.94 kwa kuliambia kila umbo, "Taja eneo lako," bila kuuliza ni umbo la aina gani. Kesho msambamba ukiongezwa, sehemu inayojumlisha haibadilishwi hata neno moja.

Mahali penye mtego

Kwa kuwa mraba ni mstatili, yaelekea ni sawa klasi ya Mraba irithi klasi ya Mstatili. Sasa tuseme Mstatili una kitendo cha kubadili urefu, na programu ya kupima viwanja inakitumia. Kiwanja cha meta 30 kwa 20 kikirefushwa hadi meta 40, eneo hutoka 600 na kuwa 800, kwa maana upana haukuguswa.

Kisha programu ipewe mraba wa meta 20, na iagizwe kufanya urefu uwe meta 30. Mpimaji anatazamia 30 × 20, yaani 600. Lakini mraba, ili ubaki mraba, hauna budi kubadili na upana wake pia. Jibu linakuwa 900. Ukikataa kubadili upana, jibu litakuwa 600, ila umbo hilo halitakuwa mraba tena. Programu haisimami wala hailalamiki. Meta za mraba 300 ambazo hazipo ardhini zimeingia katika hesabu.

Barbara Liskov wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, alieleza katika hotuba yake ya mwaka 1987 kanuni inayoufichua mtego huu. Kwa ufupi, kitu cha klasi mwana sharti kiweze kukaa mahali pa kitu cha klasi mama, na programu iendelee kufanya kazi kama ilivyotazamiwa. Mraba wetu umeshindwa mtihani huo.

Chanzo cha mgongano

Jiometri haikukosea. Mstatili wa jiometri haubadiliki: ukirefushwa, huo ni mstatili mwingine. Mstatili wa programu yetu ulipewa uwezo wa kubadilika, na uwezo huo ndio ambao mraba hauwezi kuurithi. Basi ziko njia mbili za kujinasua. Ya kwanza ni kuondoa kitendo cha kubadili urefu, na badala yake kutengeneza kitu kipya kila vipimo vinapobadilika. Hapo mraba waweza tena kuwa mstatili. Ya pili ni kuifanya Mraba na Mstatili kuwa ndugu, zote zikirithi Umbo.

Fundisho ni kwamba klasi haipangwi kwa jina la kitu peke yake, bali pia kwa yale ambayo kitu hicho kinaahidi kutenda. Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: duara ni duaradufu ambayo vipenyo vyake viwili vikuu ni sawa. Je, klasi ya Duara irithi klasi ya Duaradufu? Kabla ya kujibu, mwanafunzi aulize kwanza ni vitendo gani ambavyo Duaradufu imepewa.