KISUMU, BANDARI YA EROPLENI ZA MAJI

Wakazi wa Kisumu huziona ndege zikishuka, wala hawashangai. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa eropleni za kwanza zilizowaletea abiria na barua kwa ratiba kutoka kaskazini zilitua juu ya maji ya Ziwa Viktoria.

Tarehe 28 Februari, 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kila juma kutoka London hadi Mwanza. Tangu Khartoum, safari ilikuwa kwa eropleni za maji ziitwazo Short Calcutta, zenye injini tatu, zikifuata Mto Nili hadi ziwani. Mwaka uliofuata njia ilifika Cape Town, na Kisumu ikawa mahali pa kubadili: aliyeshuka majini alipanda eropleni ya nchi kavu.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini maji? Siku zile viwanja vilikuwa vichache, na kila kimoja kilitaka kung'olewa visiki na kusawazishwa. Tena mvua ikinyesha kiligeuka matope. Ziwa halitaki jembe. Na Kisumu ilikuwa na reli tangu Desemba 1901, tayari kuipokea mifuko ya barua.

Hata hivyo ziwa nalo lina ukaidi wake. Liko futi 3,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, basi eropleni hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Tena maji hung'ang'ania chombo. Kwa hiyo waundaji walikikata kitako chake mfano wa kidato cha ngazi, ili hewa ipenye na kukiachanisha na maji. Ajabu ni kwamba maji matulivu kama kioo ni mabaya kuliko yenye viwimbi. Rubani mwenye busara aliomba motaboti itangulie kuyatibua. Motaboti hiyo ilitazama pia magogo, maana gogo moja laweza kupasua bati.

Mwaka 1937 zilikuja eropleni kubwa za injini nne, zikipita Kisumu na Mombasa hadi Durban. Mwaka huo barua nyepesi kutoka Uingereza ilisafirishwa kwa peni moja na nusu tu. Hata mtu asiye tajiri aliweza kuituma.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilileta viwanja vingi vya nchi kavu, na eropleni za maji zikatoweka. Uwanja wa Kisumu wa leo uko kando ya ghuba ile ile. Abiria aketiye dirishani huyaona maji yakimkaribia, kisha magurudumu hugusa lami.