Kuvua Kipini cha Mdomo Nyumbani

Miongoni mwa haja zinazowaleta vijana katika chumba chetu cha tiba hapa Tassia, katikati ya maghorofa haya yaliyosongamana si mbali na Barabara ya Outering, iko moja ambayo zamani niliiona kwa nadra na ambayo siku hizi haupiti mwezi pasi na kunijia: kijana, aghalabu msichana aliyeitwa kazini au anayetarajia kwenda ukweni mwisho wa juma, amejaribu usiku kukivua kipini cha mdomo wake mbele ya kioo, akakivuta kwa nguvu zake zote, na asubuhi anafika kwangu mdomo umevimba na kipini kingalimo. Simlaumu hata kidogo, maana aliyemtoga alimfundisha namna ya kukisafisha tu, wala hakumwambia kinavyotoka.

Mdomo kutogwa si jambo geni kwetu. Wanawake wa Kimakonde walivaa ndonya katika mdomo wa juu, na Waturkana nao walitoboa mdomo wa chini wakatia pambo. Na ajuza wa Kimakonde walioiacha ndonya desturi ilipofifia walibaki na tundu lao hadi uzeeni, halikuziba. Sababu yake ni kwamba tundu likikaa na pambo muda mrefu, mwili huota ngozi laini ndani yake pande zote, likawa mfano wa mfereji mdogo wenye kuta zake, na kuta zilizokwisha kufunikwa na ngozi haziungani tena kwa urahisi. Tundu changa, kwa upande wake, ni jeraha tu. Hilo la mdomo huchukua wiki sita hadi miezi mitatu kupona, na kabla ya hapo ukivua kipini huenda likaanza kujifunga kwa muda wa saa chache, hasa upande wa ndani, kwa kuwa nyama ya kinywa hupona upesi kupita ngozi ya nje. Kwa hiyo mwenye kusudi la kukirudisha baada ya siku ya usaili na aliyeazimia kuachana nacho kabisa hawako katika hali moja, na yafaa mtu akate shauri hilo kabla hajagusa kitu.

Sasa tukitazame chenyewe. Kipini cha mdomo, kile ambacho watu huona ushanga wake tu chini ya mdomo, kina sehemu mbili: kijiti kilichoshikamana na kisahani bapa kinacholala ndani kuelekea ufizi, na ushanga wa nje uliofungwa katika ncha ya kijiti hicho. Kisahani hakipiti katika tundu, wala hakikuumbwa kipite. Na hapa ndipo wanapokosea wote wanaokuja kwangu, kwamba hukivuta kipini kuja mbele, ilhali njia yake ya kutokea ni ndani ya kinywa.

Basi anayetaka kukivua ajipe nafasi, asifanye hivyo wakati wa kukimbilia matatu. Anawe mikono kwa sabuni, asukutue kinywa kwa maji ya chumvi, ambayo ni robo ya kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo. Na kama nyumba yake, mfano wa nyumba nyingi za mtaa huu, hutegemea maji yaliyowekwa katika mitungi, asione uzito kuyachemsha hayo kwanza. Azibe tundu la sinki kwa kitambaa, maana ushanga ukiponyoka hauonekani tena. Kisha, kwa kidole kilichozungushiwa kipande cha shashi safi, au kilichovaa glavu ili kisiteleze, akibane kisahani kwa ndani kisizunguke, na kwa mkono wa pili auzungushe ushanga polepole kinyume cha mwendo wa saa, kwa macho ya mtu anayeutazama kutoka mbele, mpaka ulegee na kutoka. Viko vipini ambavyo ushanga wake haukukazwa kwa parafujo bali umesukumwa tu ukashika. Hivyo havizungushwi, huvutwa moja kwa moja mbele huku kisahani kimeshikwa barabara. Ushanga ukishatoka, kijiti husukumwa taratibu kwa ndani, kisahani kikapokewa kwa vidole, na mtu ainamishe kichwa mbele asije akakimeza. Aliyevaa pete isiyo na ushanga asizitanue ncha zake. Aipinde ncha moja mbele na nyingine nyuma, kisha aizungushe pete mpaka itoke.

Ushanga ukikataa, hiyo ni ishara ya kusimama. Koleo la fundi lisiguse mdomo wa mtu, kwani nimeona jino lililomeguka na ufizi uliochanika kwa sababu ya koleo. Weka barafu iliyofungwa katika kitambaa dakika chache, uvimbe ukipungua jaribu tena mara moja, na ikishindikana acha. Na ikiwa kisahani kimezama, nyama imeota juu yake hata hakionekani tena, jambo hilo si la nyumbani kwa hali yoyote: mganga hutia ganzi, akakata kidogo, akakitoa kwa dakika chache.

Iko hali moja ambayo wengi hudhani ndiyo ya kukivua haraka, nami nawasihi wasifanye: usaha. Mdomo ukiwa mwekundu, wa moto na wenye kutoa usaha, kipini ndicho kinachoshikilia mlango wazi uchafu utoke. Ukikivua, tundu laweza kujifunga juu na usaha ukabaki ndani ukafanya jipu. Nenda kwanza upewe dawa, kipini kitavuliwa kwa amri ya aliyekutibu.

Baada ya kukivua salama, damu kidogo haidhuru. Bonyeza kwa shashi safi dakika kumi bila ya kuchungulia. Sukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula kwa siku kadhaa, jiepushe na pilipili, sigara na pombe, na usipake spiriti, maana huunguza nyama changa inayoota na kuchelewesha kupona. Kovu dogo kama kibonyeo huenda likabaki. Aliyetogwa kwa sindano asiyoijua ilikotoka naye aulize habari ya chanjo ya pepopunda na kupimwa homa ya ini.

Neno moja kwa wazazi, nao nawaheshimu. Mtoto akirudi na kipini usimwamuru akivue usiku huohuo mbele yako kwa hasira, kwa kuwa jeraha la siku mbili likivutwa kwa mikono inayotetemeka ndilo linalonijia asubuhi likiwa baya kuliko yote. Ngoja mpaka kesho, mlete, tutakivua pamoja naye, na ukitaka kumkemea utakuwa na wakati.

Na wewe uliyekwisha kukivua: ukiona uvimbe unashuka chini ya kidevu, au homa, au taabu ya kumeza mate na kupumua, au ukikohoa baada ya ushanga kuingia kooni, hospitali ya Mama Lucy Kibaki hupokea wagonjwa wa dharura usiku pia. Usingoje kupambazuke.